Kunazi kama chakula na dawa: mwongozo kamili wa tunda, majani, magome na kokwa

Mkunazi ni mti unaosifiwa kuliko unavyofahamika. Utasikia unatibu usingizi, tumbo, nywele, sukari, presha, vidonda na hata husuda, na mara nyingi anayesifu hasemi ni sehemu gani ya mti, mkunazi wa aina gani, wala kiasi gani. Hapo ndipo mambo huharibika. Tunda lina kazi yake, majani yana yake, magome yana yake, na mbegu iliyojificha ndani ya kokwa ina kazi nyingine kabisa. Mtu anayekula makunazi bakuli zima kila jioni ili apate usingizi anajishibisha tu, kwa sababu ile dawa ya usingizi inayosifiwa na matabibu wa Kichina hutoka kwenye mbegu, na si mbegu ya kila mkunazi.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda sehemu kwa sehemu. Soma hatua ya kwanza hata kama una haraka. Nyingine unaweza kurukia ile unayoihitaji.

Hatua ya 1: Tambua mkunazi ulio nao

Jamii ya Ziziphus ina aina nyingi, lakini minne ndiyo inayotajwa sana kwenye tiba.

Wa kwanza ni mkunazi wa nchi za joto, Ziziphus mauritiana, ulioenea India na sehemu kubwa ya Afrika. Jani lake ni la duara refu, juu kijani kinachong'aa, na ukiligeuza utakuta weupe wa manyoya mafupi unaoyahisi ukipitisha kidole gumba. Mishipa mitatu huanzia kwenye kikonyo na kupanda sambamba kuelekea nchani. Pale jani linapotokea pana mwiba, mara nyingi miwili: mmoja umenyooka, mwingine umepinda kurudi nyuma, na huo uliopinda ndio unaochana nguo na ngozi. Tunda huanza kijani, likawa njano, kisha kahawia. Likiwa njano hutafunwa kwa mlio na lina ukakasi kidogo. Likifika kahawia huwa laini, tamu, na harufu yake hukaza.

Wa pili ni mkunazi wa China, Ziziphus jujuba. Huu hupukutisha majani msimu wa baridi, jani lake halina manyoya chini, na tunda huiva kwa rangi nyekundu iliyokolea. Makunazi makavu mekundu yenye mikunjo, ambayo wengine huyaita tende nyekundu, ndiyo haya. Ukisoma utafiti wa kisasa kuhusu kunazi, mara nyingi unazungumzia mti huu.

Wa tatu ni mkunazi wa Uarabuni, Ziziphus spina-christi, ambao Waarabu huuita sidri. Huu ndio wenye majani yanayotumiwa kuoshea maiti katika sharia za Kiislamu, na maua yake ndiyo yanayotoa asali ya sidri. Wa nne, Ziziphus mucronata, hupatikana Afrika kusini mwa Sahara. Tunda lake ni dogo na kavukavu, na waganga huutumia zaidi mizizi na majani.

Kwa nini tujisumbue na majina haya? Kwa sababu matokeo ya mti mmoja hayahamii kwa mwingine kirahisi. Tunda unaweza kuchukua la aina yoyote inayolika, tofauti ni utamu na ukubwa. Majani ya kuoshea nywele nayo hayana ubaguzi mkubwa, maana yote yana saponini, vile viambato vinavyotoa povu. Lakini mbegu ya usingizi ina mti wake, na tutafika huko.

Usichume kitu kwa kuangalia miiba peke yake. Miti ya miiba ni mingi na baadhi ina sumu. Kama hujaona mishipa mitatu ya jani, jozi ya miiba na tunda lenye kokwa moja gumu katikati, mwite mtu anayeujua mti.

Hatua ya 2: Chagua tunda, kisha lifungue

Kwa kula, chukua lililoanza kugeuka rangi lakini bado limekaza. Kwa kukausha, chukua lililoiva kabisa, hata lile lililoanza kunywea mtini, kwa kuwa sukari yake imeshakamilika. La kijani kibichi liache: ukakasi wake unatokana na tanini, na ukila mengi utafunga choo, jambo ambalo ni kinyume cha kile ambacho watu wengi wanalitafutia tunda hili.

Kabla ya kuosha, pasua machache ya kwanza kwa kisu. Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya kunazi lingali mtini, na kwa nje huoni chochote zaidi ya nukta ndogo iliyodidimia. Ndani utakuta nyama iliyobadilika rangi kuzunguka kokwa, punje za kinyesi cheusi, na funza mweupe aliyejikunja. Ukikuta hivyo kwenye mawili matatu ya mwanzo, pasua yote. Anayeyatupia mdomoni mazimamazima huwa hajui anakula nini, na pengine ni heri asijue.

Osha kwa maji safi yanayotiririka, usugue kwa vidole, yakauke. Mabichi hukaa siku chache nje ya jokofu na wiki mbili hivi ndani yake, mradi yasifungiwe na unyevu.

Hatua ya 3: Kausha vizuri, maana hapa ndipo dawa nyingi huharibika

Makunazi makavu ndiyo yanayotumika mwaka mzima, na ndiyo yanayoota ukungu yasipokaushwa inavyopaswa.

Chemsha maji, tumbukiza makunazi kwa dakika chache, uyaopoe. Maji hayo moto huua mayai ya wadudu na kulainisha ganda ili unyevu utoke. Yatandaze kwenye ungo au wavu, safu moja tu bila kurundikana, uyafunike kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Yaweke juani, uyageuze asubuhi na mchana, na uyaingize ndani jua likizama kabla umande haujaanguka. Kwenye hali ya mawingu tumia kikaushio au oveni ya moto mdogo kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo.

Utajuaje yamekauka? Chukua moja la katikati ya ungo, si la pembeni, libonyeze kwa kidole gumba na cha shahada. Lisitoe maji, lisivunjike. Lipinde na kurudi polepole. Likate: nyama iwe na rangi moja kuanzia ganda mpaka kwenye kokwa. Ukiona duara lenye unyevu karibu na kokwa, lirudishe juani. Kisha yatie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana kwa siku mbili tatu. Kioo kikiona jasho kwa ndani, hayajakauka, hata kama mkononi yanaonekana makavu.

Likishaota ukungu tupa chupa nzima. Kukwangua au kuchemsha hakusaidii, kwani baadhi ya sumu za ukungu hustahimili moto.

Hatua ya 4: Fahamu unapata nini ukilila

Gramu 100 za kunazi bichi zina takriban kalori 79, gramu 20 za wanga, ambao sehemu kubwa ni sukari, miligramu 69 hivi za vitamini C na miligramu 250 za potasiamu. Mahitaji ya vitamini C kwa siku ni miligramu 90 kwa mwanamume mzima na 75 kwa mwanamke. Hivyo konzi mbili za makunazi mabichi zinakukaribisha sana kwenye lengo la siku, na hiyo ndiyo faida isiyo na ubishi ya tunda hili. Fizi, ngozi, kupona kwa vidonda na kufyonzwa kwa madini ya chuma kutoka kwenye mboga na nafaka, vyote vinahitaji vitamini C.

Likikaushwa juani hesabu hubadilika. Kalori hupanda hadi karibu 280 kwa gramu 100, wanga hupita gramu 70, na vitamini C hupungua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya joto na hewa. Nyuzinyuzi na madini hubaki. Ukitaka vitamini C kula bichi. Ukitaka nguvu za haraka au kitu cha kutia kwenye chai, kavu linafaa.

Zaidi ya hayo tunda lina flavonoidi, asidi za kundi la triterpeni kama asidi ya betulini, na sukari ndefu ambazo watafiti wanazichunguza kwa ajili ya kinga ya mwili. Nyingi ya kazi hizo zimefanywa kwenye vyombo vya maabara na kwa panya. Ni habari za kutia moyo watafiti. Kwa mgonjwa bado hazijawa tiba, na anayekuuzia kunazi kuwa linaponya saratani anakuuzia panya wa mtu mwingine.

Kiasi cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya: konzi moja au mbili za mabichi kwa siku, au makavu matatu hadi matano makubwa. Hakuna ulazima wa kuyala kila siku.

Hatua ya 5: Kwa choo kigumu

Matumizi haya yako karibu na chakula kuliko dawa, na yana ushahidi kiasi. Mwaka 2008 madaktari wa Israeli walichapisha jaribio kwa watu waliokuwa na tatizo sugu la kufunga choo, wakiwapa dondoo la maji (viambato vilivyokamuliwa kwa maji) la Ziziphus jujuba au dawa bandia. Waliopewa kunazi walipata nafuu zaidi, na chakula kilipita haraka zaidi kwenye utumbo mpana. Jaribio lilikuwa dogo, watu 50, lakini linakubaliana na mazoea ya zamani.

Loweka makunazi makavu matano hadi saba katika kikombe cha maji ya moto usiku, baada ya kuyachana na kutoa makokwa. Asubuhi yaponde kwa mwiko ndani ya maji yale yale, unywe na kula vyote kabla ya kifungua kinywa, kisha unywe glasi nyingine ya maji. Maji hayo ya pili watu huyasahau, na nyuzinyuzi bila maji zinaweza kuongeza ugumu badala ya kuupunguza. Jaribu kwa siku nne au tano. Tumbo likijaa gesi, punguza hadi matatu.

Choo kilichobadilika ghafla kwa mtu aliyepita miaka 45, choo chenye damu, au kufunga choo pamoja na kutapika na tumbo kuvimba si mambo ya kunazi. Nenda hospitali.

Hatua ya 6: Chai ya kunazi

China, kunazi kavu hutiwa kwenye mchanganyiko mwingi wa dawa si kwa kuwa ndilo dawa kuu, bali kulainisha ukali wa dawa nyingine na kulipa tumbo ahueni. Kiwango cha kawaida cha matabibu wao ni gramu 6 hadi 15 za tunda kavu kwa siku, mara nyingi pamoja na tangawizi mbichi.

Pima gramu 10 hadi 15 za makunazi makavu, osha, chana kila moja kwa urefu mpaka kisu kiguse kokwa. Usipochana, ganda huzuia na utakunywa maji yenye rangi tu. Tia kwenye sufuria na maji mililita 600 pamoja na vipande vitatu vyembamba vya tangawizi. Yakianza kuchemka punguza moto, funika, yatokote dakika 20 hadi 30. Maji yatageuka rangi ya kahawia-nyekundu, na makunazi yatavimba na kuelea yakiwa laini. Yabonye kwa mgongo wa kijiko kwenye kichujio ili nyama ipite, makokwa yabaki. Usitie sukari, onja kwanza, kuna utamu wa kutosha.

Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hutuliza koo linalokwaruza, huleta joto mwilini, na kwa mtu aliyedhoofika asiyetaka kula ni njia nyepesi ya kumpa nguvu kidogo. Mafua hakiondoi, lakini mgonjwa wa mafua anayekunywa maji ya moto ya kutosha hupata ahueni.

Wapo wanaoongeza mzizi wa urukususu. Ladha inapendeza, ila urukususu ukinywewa mfululizo hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Mwenye presha auache.

Kuhusu lehemu: Iran walijaribu unga wa kunazi, gramu 5 mara tatu kwa siku kwa mwezi mmoja, kwa vijana wanene waliokuwa na lehemu nyingi kwenye damu, na lehemu ile mbaya ikashuka. Mwezi ni muda mfupi, na gramu 15 za unga mtamu kila siku nazo zina sukari yake. Mimi nisingemshauri mtu aache dawa ya lehemu kwa ajili ya hilo.

Hatua ya 7: Majani kwa nywele na ngozi ya kichwa

Kama kuna matumizi ya asili yanayojieleza yenyewe mbele ya macho yako, ni haya. Saponini zilizomo kwenye jani hushika mafuta na uchafu na kuvitoa kwa maji, kama afanyavyo sabuni, ila kwa upole zaidi.

Chuma majani yaliyokomaa, osha, yaanike kivulini mpaka yavunjike ukiyafinya. Jua kali huyachoma na kuyageuza manjano. Yatwange kwenye kinu, uyachekeche kwa chekecheke laini. Nyuzi zilizobaki zitupe, la sivyo utashinda siku nzima ukizitoa kichwani. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya unga, tia kwenye bakuli, mimina maji vuguvugu kidogokidogo huku ukikoroga kwa mkono. Mwanzo utaona tope la kijani tu. Endelea kusugua unga kati ya vidole kwa dakika mbili au tatu: maji huanza kuteleza, kisha povu jepesi lenye viputo vidogo hupanda juu na kukaa. Hapo ndipo liko tayari. Povu halifiki wingi wa shampuu, usilingoje.

Lowesha nywele, paka kuanzia kwenye ngozi ya kichwa, acha dakika 10, suuza kwa maji mengi ukiwa umeinamisha kichwa nyuma. Likiingia machoni huwasha sana. Mara moja kwa wiki inatosha. Nywele kavu, kila baada ya wiki mbili.

Kabla ya mara ya kwanza, paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri saa 24. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, si dawa yako. Hupunguza mafuta na mba nyepesi. Haioteshi nywele pale ambapo mizizi imekufa, na mashilingi ya watoto yanahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali, maana fangasi wake wamo ndani ya unywele.

Kwa mikwaruzo na majipu, majani mabichi yaliyopondwa yamewekwa juu ya ngozi tangu zamani katika nchi nyingi zenye mti huu. Ukitaka kufanya hivyo, weka kwenye ngozi isiyo na kidonda wazi, majani yakiwa yameoshwa kwa maji yaliyochemshwa. Kidonda kilicho wazi kinataka maji safi, sabuni na kitambaa kisafi. Majani ya mtini yana vumbi na vimelea, na hata pepopunda huweza kuingia kwa njia hiyo.

Waislamu pia huyatumia kwenye ruqya: majani saba mabichi hupondwa, hutiwa majini, husomewa, na mgonjwa hunywa kidogo na kuoga yaliyobaki. Hilo ni jambo la imani na halihitaji kibali cha maabara. Ombi langu ni moja tu, kwamba mgonjwa wa kifafa au wa akili asikatishwe vidonge vyake kwa sababu anasomewa. Hayo mawili hayagombani.

Hatua ya 8: Majani na sukari, usidanganyike na ulimi

Hapa pana kisa cha kuvutia. Majani ya mkunazi wa China yana kiambato kiitwacho zizifini. Tafuna jani moja bichi kwa dakika moja hivi, liteme, kisha weka sukari kwenye ulimi. Utahisi punje zake zikikwaruza na kuyeyuka bila utamu wowote, kana kwamba umelamba mchanga. Hali hiyo hudumu dakika chache kisha ladha hurudi.

Ni rahisi kuona jinsi mtu anavyoweza kuamini kwamba jani lililoua utamu mdomoni limeua sukari mwilini. Halijaua. Zizifini huziba kwa muda vipokezi vya ladha tamu kwenye ulimi. Sukari uliyomeza inaingia kwenye damu kama kawaida. Mgonjwa wa kisukari anayetafuna majani kisha akanywa chai ya sukari akiwa na amani moyoni yuko hatarini kuliko asiyetafuna. Kama jani linakusaidia kukosa hamu ya vitu vitamu, sawa, tafuna. Kipimo cha damu ndicho kitakachokuambia ukweli, na dozi yako haibadilishwi na jani.

Hatua ya 9: Magome na kuharisha

Magome ya mkunazi yana tanini nyingi, na ndiyo maana huchemshwa kuzuia kuharisha: tanini hukaza utando wa utumbo. Sehemu hii siipendekezi kwa matumizi ya nyumbani. Magome hukusanya viambato vikali kuliko tunda, kiasi hakipimiki kirahisi, na mti uliobambuliwa gome kuzunguka shina lote hufa.

Isitoshe, anayeharisha huuawa na upungufu wa maji kabla ya kuuawa na kuharisha kwenyewe. Anza na maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anywe kila baada ya choo. Mtoto apate na vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya. Macho yakidumbukia, mkojo ukikauka, au damu ikionekana kwenye choo, usiendelee kukaa nyumbani na chungu cha magome.

Hatua ya 10: Mbegu ya kokwa na usingizi

Ndani ya kokwa gumu mna mbegu bapa, ya kahawia inayong'aa. Mbegu ya mkunazi mwitu wa China, Ziziphus jujuba namna ya spinosa, ndiyo kiini cha dawa ya usingizi iliyoandikwa na tabibu Zhang Zhongjing karibu miaka 1,800 iliyopita, na mpaka leo Wachina wanaitumia. Ina saponini ziitwazo jujubosidi na flavonoidi iitwayo spinosini, ambazo katika wanyama hutuliza ubongo kwa kugusa njia zile zile zinazoguswa na baadhi ya dawa za usingizi.

Kiwango cha matabibu ni gramu 10 hadi 15 za mbegu kwa siku. Mbegu hukaangwa kidogo bila mafuta hadi zianze kutoa harufu na kupasuka, hupondwa, kisha huchemshwa kwa dakika 30 na kunywewa saa moja kabla ya kulala. Ikipikwa nzima haitoi kitu.

Tatizo ni kwamba mbegu hii ni ghali na hughushiwa. Mbegu za mkunazi wa nchi za joto zinafahamika kwenye biashara ya dawa za Kichina kama bidhaa ya kuchakachulia, na kwa macho ya mnunuzi wa kawaida zinafanana. Kwa hiyo kuvunja makokwa ya makunazi uliyochuma mwenyewe na kutarajia usingizi ule ule ni kubahatisha. Ukiamua kuitumia, nunua kwa anayeuza dawa zenye lebo ya jina la kisayansi, anza na nusu ya kiwango, usiendeshe gari usiku huo, usichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi.

Usingizi ukikukimbia usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, tafuta chanzo chake kwa daktari. Msongo, sonona, kukoroma kunakokata pumzi na tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, vyote huweza kujionyesha kwa kukosa usingizi.

Nani ajihadhari

Mwenye kisukari anaweza kula mabichi machache akiyahesabu kwenye wanga wake wa siku. Makavu ni hadithi nyingine: gramu 30 tu, ambazo hukaa kwenye kiganja, zina zaidi ya gramu 20 za wanga.

Mwenye figo zilizoshindwa kazi, aliyeambiwa apunguze potasiamu, asile kwa mazoea bila kumuuliza mtaalamu wake wa lishe.

Anayetumia dawa za sonona, hasa venlafaxine, aachane na dondoo na mbegu. Limeripotiwa tukio la mgonjwa aliyechanganya dawa hiyo na kunazi akapata dalili za kuzidi kwa serotonini, kemikali ya ubongo: moyo kwenda mbio, jasho, fadhaa. Wanaotumia dawa za kifafa kama phenytoin, phenobarbital na carbamazepine, na dawa yoyote ya kutuliza, nao wamuulize daktari kwanza. Anayesubiri upasuaji aache chai na dondoo wiki mbili kabla.

Mwenye mzio wa mpira, yule ambaye midomo huvimba akipuliza puto au mikono humuwasha akivaa glavu, huweza kupata mzio wa kunazi pia, kwani protini zake zinafanana na za mpira. Aanze na kipande kidogo, asiwe peke yake.

Wajawazito na wanaonyonyesha: tunda kama chakula halina shida. Mbegu, magome na dondoo za vidonge waziache. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe kunazi lenye kokwa, na asali ya sidri, hata iwe imetoka Hadhramaut ya Yemen yenyewe, asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa hatari ya sumu ya botulini.

Kisha kuna kokwa lenyewe. La mkunazi wa China limechongoka ncha zote mbili, na huko China makokwa haya ni miongoni mwa vitu ambavyo madaktari huvitoa mara kwa mara kwenye koo za watu. Likishuka zaidi huweza kutoboa utumbo. Wenye meno ya bandia ndio wanaomeza bila kuhisi. Ukilimeza na ukasikia kitu kimekwama, usilisukume kwa tonge la chakula. Acha kula na kunywa, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukinunua unga au vidonge vilivyofungashwa, soma kama vimetaja jina la kisayansi, sehemu ya mti na miligramu kwa kila dozi. Vikikosa kimojawapo, viache dukani. Na ukienda kwa daktari, chukua chupa yenyewe: "natumia dawa za asili" haimsaidii kitu, lakini lebo, kiasi na tarehe uliyoanza vinampa pa kuanzia.